Maji alimwonyesha, tope akalificha

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linachungulia kutoka upande wa Magu, Odeta Masatu amesimama ndani ya mtumbwi mdogo mbele ya gati la mizigo la Pasiansi, jijini Mwanza, anateremsha kamba majini. Mwisho wa kamba kumefungwa jiwe la ukubwa wa ngumi. Kamba yenyewe ina mafundo, na kutoka fundo moja hadi jingine ni shubiri moja ya mkono wake.

Jiwe linafika chini. Odeta analinyanyua kidogo, analiachia tena, kama mpishi anayegusa ugali kujua kama umeiva. "Kumi na kidogo," anasema. "Na hiyo kidogo usiniandikie nusu. Siyo nusu."

Nyuma yake ameketi msichana mwenye koti la rangi ya machungwa lililoandikwa jina mgongoni: Princess. Anaandika. Odeta ana umri wa miaka 51, na hapa gatini ana miaka kumi na moja, lakini koti lenye jina hana. Ukikaa naye nusu saa, koti hilo atalitaja mara tatu.

"Mimi sifichi," anasema bila hata kushusha sauti, na Princess anacheka huku anaendelea kuandika. "Huyu binti nilimwonea wivu mpaka nikaharibu kazi. Na wivu wenyewe haujaisha. Andika hivyo hivyo."

Kazi yao wawili ni kujua mbele ya gati kuna kina kiasi gani, ili nahodha ajue apakie tani ngapi. Boti ikijazwa kupita kina, inakaa chini. Ikipakiwa pungufu, inachoma dizeli ileile kwa mzigo mdogo, na unga unafika visiwani kwa bei ya juu.

Boti inayotumia gati hili zaidi inaitwa MV Bhanumati. Ni ya familia ya wafanyabiashara ambayo imekuwa Mwanza tangu enzi za pamba, na jina ni la bibi yao aliyeanza na duka moja la vitambaa. Anayeiendesha biashara leo ni mjukuu wake, Sheetal, mwanamke wa miaka 43 anayesema maneno machache na kusikiliza mengi.

Kwa hesabu za Sheetal, safari moja ya Bhanumati inabeba mzigo wa malori tisa. Malori hayo yangelazimika kuzunguka Bunda hadi Kisorya, kuvuka kwa kivuko, na kumaliza dizeli mara tatu ya ile inayotumiwa na boti. Miaka hii ambayo mvua inachelewa na mahindi ya visiwani yanakaukia shambani, boti ndiyo ghala la watu wa kule. Mchele unatoka Magu, unga unatoka viwandani Mwanza, na Jumanne asubuhi vyote vinaelekea Ukara.

Ila ziwa lenyewe siku hizi halitabiriki. Mwaka 2020 lilipanda mpaka likaingia ghalani na kulowesha magunia, na ubao wa kupimia maji ukazama wote. Sheetal akalipandisha gati kwa kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Mwaka 2024 maji yakapanda tena. Katikati ya hapo vinakuja vipindi virefu vya ukavu, kisha mvua ya siku mbili inayoshuka kama imetumwa, na kijito kinachotoka milimani kinasomba udongo wa viwanja vya watu kuja kuumwaga mbele ya gati.

"Maji kila mtu anayaona," anasema Odeta. "Tope halionekani, na ndilo linaloshika boti."

Odeta alizaliwa Majita, mkoani Mara, akamaliza darasa la saba, na hapo shule ikaishia. Aliolewa Mwanza, akafiwa na mume mapema, akauza dagaa Pasiansi huku akimlea mwanawe Pius, ambaye leo analima mpunga Magu. Mwaka 2014 alipata kazi ya kufagia ghala la familia hiyo. Aliyekuwa akisoma ubao wa maji alipostaafu, Odeta akapewa na ubao.

Kusoma ubao ndiyo kazi aliyopewa. Kupima tope alijituma mwenyewe. Mwaka 2016 aliona mashua moja imekwama mbele ya gati wakati ubao unasema maji ni mengi, na jambo hilo likamnyima raha wiki nzima. Akafunga jiwe kwenye kamba, akaazima mtumbwi, akaanza kupima kila Jumamosi. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemwandikia popote kwamba ni kazi yake. Matokeo aliyaweka kichwani, na manahodha walipomuuliza maji yakoje, aliwapa jibu ambalo tope limeshatolewa.

Ndivyo alivyopata heshima. Nahodha wa Bhanumati, Luhende, Msukuma mnene mwenye mzaha mwingi, alikuwa hawezi kupakia gunia la kwanza bila kuuliza: "Mama Pius, leo unatupa ngapi?" Akirudi kutoka visiwani alimletea mfuko wa machungwa ya Ukerewe. Odeta anakiri kwamba machungwa yenyewe Mwanza yamejaa tele. Kilichokuwa kitamu ni kuitwa mbele ya wapakiaji wote na kukabidhiwa.

Agosti mwaka jana kampuni ya bima iliwataka wenye boti wawe na kumbukumbu za kina cha maji zilizoandikwa, siyo za kichwani mwa mtu. Sheetal akanunua kifaa, kisanduku cha kijivu kilichofungwa kwenye nguzo, kinachopima maji kila saa na kutuma namba kwenye simu. Pamoja na kifaa akaajiriwa msomaji wake: Princess Okech, miaka 26, mwenyeji wa Shirati, mwenye stashahada na vidole vinavyokimbia kwenye simu kuliko macho ya Odeta yanavyoweza kufuata.

Siku ya kwanza Princess alimpigia shikamoo huku amepiga goti kidogo, kama alivyolelewa. Odeta alijibu marahaba akitazama upande wa ziwa.

"Nilitafuta kosa lake sikuliona," anasema. "Hilo ndilo lililoniuma. Angekuwa na dharau ningepata pa kushika."

Vikaanza vidogo vidogo. Princess akapewa viatu vya mpira vipya, wakati vya Odeta vilikuwa vinaingiza maji tangu mwaka juzi. Akapewa koti. Akapewa simu ya ofisi. Kisha karani mmoja, kwa mdomo wake mrefu, akamnong'oneza Odeta kwamba binti analipwa Sh450,000 kwa mwezi. Yeye alikuwa anapokea Sh260,000.

Manahodha nao wakahamia kwenye simu. Namba ya mashine ilikuwa inakuja na nukta, na nukta, asikwambie mtu, inapendeza. Odeta alibaki na fagio na ubao ambao aliambiwa aendelee kuusoma "kwa ajili ya kulinganisha".

Halafu ikaja Ijumaa ya machungwa. Luhende aliteremka kutoka kwenye boti na mfuko mkononi, akampita Odeta kwa salamu ya haraka, akamkabidhi Princess. "Yalikuwa kumi na mawili," anasema Odeta. "Niliyahesabu nikiwa mlangoni mwa ghala."

Princess alimletea sita. Odeta akayakataa, akisema yanamletea kiungulia. Wapakiaji waliomwona miaka yote akiyala hadi maganda walitazamana.

Waswahili wana jina la hali hiyo: roho ya kwanini. Kwa nini yeye, kwa nini siyo mimi, kwa nini sasa. Nje ya gati kuna bodaboda iliyoandikwa nyuma "Mwenye wivu ajinyonge", na Odeta anasema alifikia kumchukia hata mwenye pikipiki.

Mwishoni mwa Novemba mvua ilinyesha siku mbili mfululizo baada ya ukame wa wiki tano, na kijito kikageuka rangi ya chai ya maziwa. Jumamosi yake Odeta alitoka na mtumbwi kama kawaida. Kamba iliyokuwa ikizama mafundo kumi na mawili ilisimama kwenye tisa. Shubiri tatu nzima za tope zilikuwa zimekuja kukaa mdomoni mwa gati.

Alirudi ufukweni akaikunja kamba. Hakumwambia mtu. Aliipeleka nyumbani, akaifunga kutoka kwenye nguzo ya choo hadi kwenye mpapai, akaanika khanga.

Wiki iliyofuata Sheetal alimwita ofisini, Princess akiwepo, akamuuliza swali moja: namba zako na za mashine zinalingana? Odeta akajibu zinalingana. Hakuwa amesema uongo. Ubao na mashine vyote vilikuwa vinapima uso wa maji, na uso wa maji ulikuwa palepale.

"Nilitoka pale nimenyooka," anasema. "Nikajiambia, nimeulizwa maji nimejibu maji. Tope sikuulizwa. Wamesomea, walitafute."

Daftari lake la ubao, lenye kurasa za miaka kumi, alimkabidhi Princess mbele ya watu. Kamba ilibaki na khanga zake.

Wiki chache boti ilipita salama, kwa sababu mzigo ulikuwa mdogo: tani sabini, ambazo zinahitaji shubiri nane na nusu. Lakini Januari njaa ilibisha hodi Ukara. Mahindi yalikuwa yamekauka, na wenye maduka kule walipiga simu wakiomba unga mwingi kuliko kawaida. Luhende alimuuliza Princess kama tani tisini zinapita. Tani tisini zinahitaji shubiri kumi. Princess aliangalia simu, akaona maji sawa na shubiri kumi na mbili, akasema zinapita.

Odeta alikuwa hatua tano kutoka hapo. Alisikia swali na alisikia jibu. Upakiaji ulichukua asubuhi nzima, gunia baada ya gunia, na kila gunia lilimpa nafasi ya kufungua mdomo.

"Nilijiambia nitasema likipita gunia la mwisho," anasema. "Gunia la mwisho likapita, nikajiambia nitasema wakifungua kamba."

Saa tano kasoro boti ilifunguliwa. Ilisogea mwendo wa urefu wake, ikapunguza, ikasimama. Luhende aliongeza moto. Maji ya nyuma yakachafuka, rangi ya tope ikapanda juu, na Bhanumati haikusogea hata dole. Nahodha akazima injini, na watu wote gatini wakageuka kumtazama msichana mwenye koti.

Princess alikuwa anaitazama simu, anaipangusa kwenye sketi, anaitazama tena.

Odeta halifichi lililokuwa moyoni mwake dakika ile. "Nilifurahi. Nitakudanganya nikisema sikufurahi. Nilishika fagio langu, nikaona leo mashine imeaibika na mwenye mashine ameaibika."

Furaha hiyo, anasema, ilidumu kama robo saa. Sheetal alitoka ofisini, akasikiliza, na kwa sauti yake ileile ya chini akamwambia Princess avue koti, aende akasubiri barua. Binti alivua. Alilikunja vizuri, mikono juu ya mikono, kama mtu anayerudisha nguo ya kuazima, akaliweka juu ya pipa.

Wakati huohuo simu ya Luhende iliita. Alikuwa mwenye duka wa Ukara, akiuliza boti imeshatoka au bado, kwa sababu watu walikuwa wameshapanga foleni. Luhende alijibu kwamba mzigo umekaa topeni na hajui utatoka lini. Kisha akaongeza, kwa Kisukuma na taratibu, salamu kwa dada yake aliyeolewa huko.

Odeta aliweka fagio chini. "Dada Sheetal, mwache binti," alisema. "Tope nililijua mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za Novemba."

"Na nilipokuuliza?"

"Uliniuliza maji."

Sheetal alimtazama kwa muda mrefu, na Odeta anasema afadhali angetukanwa. Hakutukanwa. Aliulizwa tope ni kiasi gani na liko wapi hasa, akaeleza yote, fundo kwa fundo, mbele ya wapakiaji wale wale waliozoea kumwona akiitwa kwa heshima.

Ilichukua siku mbili kuipunguza boti. Tani ishirini zilishushwa kwa mikono kwenye mitumbwi, na Odeta alibeba pamoja na vijana mpaka mabega yakachubuka, ingawa hakuna aliyemwambia abebe. Unga ulifika Ukara Alhamisi badala ya Jumanne. Kwa siku hizo mbili, anasimulia Luhende, mwenye duka mmoja aliyebakiwa na mifuko michache alipandisha bei, na nyumba nyingi zikalala na mihogo mikavu. Nyumba ya dada yake ilikuwa mojawapo.

"Nilikaa mwezi mzima simsemeshi," anasema nahodha huyo. "Angenichukia mimi ningeelewa. Wale wa Ukara walimkosea nini?"

Princess alirudishiwa koti lake. Odeta alipewa barua ya onyo na mwezi mmoja nyumbani bila mshahara. Sheetal anasema wapo waliomshauri amfukuze. Hakufanya hivyo, na sababu anaitoa bila kupamba: angemfukuza, tope lingeondoka naye. Anaongeza kwamba hata yeye ana sehemu yake, kwa kuwa kwa miaka tisa alifaidi kazi ambayo hakuwahi kuuliza inafanywaje.

Jumapili ya kwanza ya adhabu hiyo, Princess alibisha hodi nyumbani kwa Odeta na daftari jipya kwapani. Akampigia shikamoo kwa goti lilelile. Alisema amekuja kujifunza tope.

"Nilikuwa nimelia siku tatu," anaeleza Princess. "Hasira ninazo hadi leo kidogo. Lakini nikimnunia mama, nani atanifundisha? Kwenye vitabu vyetu kina kipo, kijito cha Pasiansi hakimo."

Odeta alikwenda uani, akaanua khanga moja baada ya nyingine, akaifungua kamba kwenye mpapai.

Usidhani walikumbatiana yakaisha. Princess ni mwepesi, na wepesi wake ulikuwa msumari mwingine. Kujua kwa vidole kama jiwe limegusa mchanga au tope laini kulimchukua Odeta miaka mitatu. Binti alishika katika wiki tatu. Siku alipopatia mara kumi kwa kumi, Odeta alimwambia mtumbwi unavuja, warudi ufukweni. Mtumbwi haukuwa unavuja.

Lakini aliendelea kumfundisha. Akamwonyesha kwamba mvua ikinyesha usiku kijito kinaleta mchanga, na ikinyesha mchana baada ya ukame kinaleta udongo mwepesi unaosambaa mbali. Akamwonyesha mahali pa kutupa jiwe na mahali pasipo na maana kulitupa. Princess akaviandika vyote, akaviunganisha na namba za mashine, na sasa kila Jumamosi jioni manahodha wa boti zote tatu zinazotumia gati hilo wanapata ujumbe mmoja: maji, tope, na tani zinazopita. Tangu Machi Bhanumati inapakia kwa uhakika. Sheetal anasema safari nne kwa mwezi zimekuwa tatu, kwa mzigo uleule.

Jumanne ya wiki iliyopita tani tisini zilirudi tena gatini, unga na mchele wa Ukara. Luhende alishuka, akauliza leo wanapewa ngapi. Alimuuliza Princess.

Princess alijibu bila kutazama simu. Alisema maji ni kumi na tatu, tope limekula mbili na nusu, upande wa kulia ni laini, apite kushoto. Ni maneno ya Odeta, kwa mpangilio wa Odeta, hadi ile namna ya kutaja tope mwishoni. Nahodha akaitikia, wapakiaji wakaanza kazi. Hakuna aliyegeuka kumtazama mama aliyekuwa mlangoni mwa ghala.

Boti ilifunguliwa saa nne. Ikafika mahali ilipokaa Januari. Ikapita. Ikaelekea nje, ikawa ndogo, na gati likarudi kwenye shughuli zake.

"Iliniuma," anasema. Anaukamua upindo wa khanga uliolowa. "Iliniuma sana. Na ilipita."

Mwakani kuna mafunzo ya miezi mitatu ya upimaji wa kina, Dar es Salaam. Sheetal analipia nafasi moja kila mwaka, na sharti ni cheti cha kidato cha nne. Nafasi ya kwanza ni ya Princess, hilo halina ubishi. Odeta anaitaka inayofuata, au itakayofuata hiyo. Amejiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima, Novemba atafanya mtihani wa maarifa kwa wasiopita sekondari, na akifaulu atajaribu kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hesabu anaziweza, Kiingereza kinamtoa jasho, na Jiografia anabishana na kitabu.

"Mwalimu aliniuliza siku ya kwanza ni nini kimenileta shule na umri huu," anasema Odeta. "Nikamwambia ni wivu. Akadhani natania."